Nani Anaalikwa Kando ya Ziwa? Uhakiki wa Lugha ya Matembezi ya Kifamilia Wilayani Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa kuyataja, kuyatangaza na kuyasimamia matembezi ya siku moja katika Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Hoja yake kuu ni kwamba msamiati wa utalii, jinsi ulivyopokelewa katika Kiswahili cha eneo hili, unamtambua mgeni anayelala hotelini, lakini hauitambui familia inayotoka asubuhi na kurudi jioni. Uhakiki unajadili istilahi za msingi (utalii, matembezi, mandari), majina ya mahali (mbuga, hifadhi, ufukwe), majina ya kampeni za kuhamasisha utalii, na lugha ya makatazo na tahadhari. Inahitimishwa kwamba hadhi rasmi ambayo Kiswahili kilipewa nchini Rwanda mwaka 2017 haitakuwa na uzito katika maisha ya kila siku iwapo lugha hii haitasikika mahali ambapo watu wa kawaida hupumzika na watoto wao.

1. Utangulizi

Mji wa Kamembe, kitovu cha Wilaya ya Rusizi, umekaa juu ya vilima vinavyoteremka hadi ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale Mto Rusizi unapoanza safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya maji, mji wa Bukavu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unaonekana wazi kiasi kwamba taa zake za usiku ni sehemu ya mandhari ya Kamembe. Wengi bado huliita eneo hili Cyangugu, jina la mkoa uliofutwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006.

Si rahisi kupata mji mwingine wa ukubwa huo katika Maziwa Makuu wenye mambo mengi ya kutazama ndani ya mwendo wa siku moja. Upande wa magharibi kuna ziwa na visiwa vyake, Nkombo na Gihaya vikiwa miongoni mwa vinavyofahamika zaidi. Upande wa mashariki barabara ya kwenda Huye hupita katikati ya mashamba ya chai na kuingia katika msitu wa Nyungwe. Upande wa kusini ardhi huteremka kutoka mwinuko wa ziwa, takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hadi bonde la Bugarama, ambako Mto Rusizi hufikia takriban mita 950, mahali pa chini kabisa nchini Rwanda. Huko kuna mashamba ya mpunga, kiwanda cha saruji cha CIMERWA na chemchemi za maji moto ambazo wenyeji huziita amashyuza. Msitu mdogo wa Cyamudongo, uliotengana na Nyungwe lakini ukihesabiwa kuwa sehemu ya hifadhi hiyo, una sokwe ambao watafiti wamekuwa wakiwafuatilia kwa muda mrefu.

Utajiri huu umeandikwa sana. Hata hivyo, umeandikwa kwa kuwalenga watu fulani na kwa lugha fulani. Mwaka 1997 Rodrigue Landry na Richard Bourhis walieleza kwamba maandishi ya hadharani, kama vile vibao, matangazo na majina ya barabara, hayatoi taarifa tu bali huonyesha pia lugha ipi ina uzito katika eneo husika. Naye John Urry, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu jicho la mtalii, alionyesha kwamba anayesafiri kutazama hafiki na macho matupu, bali amekwisha kufundishwa nini kinastahili kutazamwa. Uhakiki huu unaziunganisha hoja hizo mbili na kuuliza swali ambalo wataalamu wa Kiswahili wamelipita haraka: Kiswahili cha Rusizi, kinapozungumzia ziwa, msitu na chemchemi, kinamwalika nani?

2. Mtalii, mgeni na mtembezi

Kitenzi kutalii ni cha asili ya Kiarabu, na ndani yake mna wazo la kuangalia kwa makini na kuchunguza. Katika matumizi ya leo, maana hiyo imefinywa. Mtalii ni mtu aliyetoka mbali, mwenye fedha, kamera na mwongozaji. Kinyarwanda kimeunda istilahi yake, ubukerarugendo, ambayo ndani yake mna urugendo, yaani safari. Lugha zote mbili, kwa njia tofauti, zimelifungia jambo hili katika umbali.

Tatizo linajitokeza pale istilahi hiyo inapotumiwa kwa familia ya Kamembe inayoteremka ziwani Jumapili baada ya ibada. Watunga sera huita shughuli hiyo utalii wa ndani. Istilahi hiyo ina nia njema, kwani inakusudia kuonyesha kwamba raia naye ana haki ya kuona vivutio vya nchi yake. Lakini ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya kimantiki. Kwa mujibu wa ufafanuzi wa Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, mtalii ni mgeni aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida na kulala angalau usiku mmoja. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo huwekwa katika kundi tofauti, na anayebaki katika mazingira yake ya kawaida hayumo katika hesabu hata kidogo. Familia inayokwenda amashyuza asubuhi na kurejea nyumbani jioni, kwa hesabu hiyo, si ya watalii. Inapoitwa utalii wa ndani, inapewa jina ambalo takwimu hazitalithibitisha. Matokeo yake ni kwamba mipango hudai kuihudumia huku vipimo vya mafanikio, yaani vitanda vilivyojaa na usiku uliolipiwa, vikiwa haviwezi kuiona.

Kasoro ya pili ni ya kimaana. Kumwita mtu mtalii kando ya ziwa alikofulia nguo na kujifunza kuogelea ni kumgeuza mgeni kwake. Neno linabeba msimamo: mwenye mahali ni yule anayepokea malipo, na anayepita ni mteja.

Je, Kiswahili kinakosa neno? La. Katika Kiswahili cha pwani kuna mandari, yaani matembezi ya pamoja ya kwenda mahali pa wazi kula, kucheza na kustarehe. Ni neno linalobeba kila kinachohitajika: watu zaidi ya mmoja, chakula kilichotoka nyumbani, na kurudi siku hiyohiyo. Halina umbali wala hoteli ndani yake. Kuna pia kupunga upepo, usemi ambao kila msemaji wa Kiswahili anauelewa na ambao hauhitaji kiingilio. Pamoja na hayo, maneno haya ni nadra kukutwa katika maandishi rasmi, ambako nafasi yake imechukuliwa na pikiniki au kwa maelezo marefu kama vile ziara ya kiburudani ya siku moja. Hapa lawama haiwaendei watangazaji wa biashara peke yao. Waundaji wa istilahi nao wamekuwa na mazoea ya kuanza na neno la kigeni na kulitafutia tafsiri, badala ya kuanza na tendo la watu na kuuliza linaitwaje.

Neno lenye nafasi nzuri zaidi Rusizi, hata hivyo, huenda si mandari, ambalo ni geni kwa masikio ya bara, bali matembezi. Kinyarwanda kina gutembera, kitenzi chenye undugu wa wazi na kutembea, na maana yake ya kwenda kupumzisha akili au kuona mahali ni ya kawaida kabisa. Msemaji wa Kinyarwanda anayejifunza Kiswahili hahitaji kufundishwa matembezi, kwani amekwisha kuwa nayo. Inafaa kukiri kwamba kitenzi hiki kina kivuli chake: katika Kiswahili, kutembea na mtu huweza kumaanisha uhusiano wa nje ya ndoa, na mtembezi si sifa njema kila mahali. Lakini nomino matembezi imebaki safi, hasa inapofuatwa na neno familia. Matembezi ya familia ni istilahi iliyo tayari, inayoeleweka Mombasa, Kigoma, Bukavu na Kamembe, na isiyohitaji kamati ya kuizaa.

3. Majina yaliyohama na mahali pasipohama

Udhaifu wa pili unahusu majina ya aina za mahali. Kiswahili sanifu kilikulia pwani, na msamiati wake wa wanyamapori uliimarika katika nyika za Tanzania na Kenya. Unapohamishiwa kwenye vilima vya Rusizi bila kupimwa, unazaa picha za uongo.

Mfano ulio wazi ni mbuga. Kwa maana yake ya asili, mbuga ni eneo tambarare lenye nyasi. Kwa kuwa hifadhi mashuhuri za Afrika Mashariki ziko katika ardhi ya namna hiyo, neno limepanuka na kumaanisha eneo lolote la kuhifadhi wanyama, hata watu husema mbuga ya Nyungwe bila kusita. Nyungwe ni msitu wa mvua wa milimani wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,019, ulioanzishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia Septemba 2023. Mtoto aliyeambiwa kuwa anapelekwa mbugani atatarajia simba na twiga, ilhali atakachokuta ni ukungu, miti mirefu, mbega na ndege. Kuvunjika moyo kwake hakutokani na msitu, kumetokana na neno. Tanzania imekwisha kuonyesha njia kwa kutumia hifadhi ya taifa katika majina rasmi. Rusizi inalo pia neno linalosikika pande zote mbili za mpaka, kwani Kinyarwanda husema pariki na upande wa Bukavu, kwa habari za Kahuzi-Biega, husikika parke. Mwandishi wa Kiswahili akitumia hifadhi katika maandishi, akijua kuwa msikilizaji atalilinganisha na pariki, atakuwa amefanya kazi yake. Akitumia mbuga, amewapotosha.

Vivyo hivyo kwa ufukwe na pwani. Pwani ni ya bahari, na ufukwe huleta picha ya mchanga mpana. Ukingo wa Kivu upande wa Rusizi, kwa sehemu kubwa, ni mteremko unaoingia majini ghafla, na ziwa lenyewe hufikia kina cha zaidi ya mita 480. Anayesoma ufukwe hutarajia maji ya kutembea taratibu hadi magotini. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, tofauti kati ya ufukwe na ukingo ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la mtindo. Kiswahili cha wavuvi wa maziwa kina mwalo, yaani mahali pa kutia mitumbwi nanga na kushushia samaki. Kina pia kando ya ziwa, maneno mepesi yasiyoahidi mchanga usiokuwepo.

Chakula nacho kina ramani yake ya maneno. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio kitoweo kinachoitambulisha Kamembe. Samaki huyo kwenye mialo ya Tanganyika huhesabiwa miongoni mwa dagaa. Mishikaki ya mbuzi huitwa burusheti. Mwandishi anayefuta sambaza na burusheti ili kuweka dagaa na mishikaki kwa jina la usanifu hatakuwa amekosea kisarufi, lakini atakuwa amefuta mahali. Usanifu wenye afya huweka neno la mahali kwanza, kisha hulifafanua kwa anayetoka mbali. Hivyo ndivyo inavyofaa kutendewa amashyuza: chemchemi za maji moto ni maelezo, amashyuza ni jina.

4. Wito kwa mgeni na wito kwa mwenyeji

Rwanda ina wito wa aina mbili. Wa kwanza, Visit Rwanda, ulianza kuonekana mwaka 2018 kwenye mkono wa jezi ya klabu ya Arsenal ya Uingereza, na sasa unafahamika duniani. Wa pili, Tembera u Rwanda, umetumika kuwahamasisha raia kuzuru nchi yao. Mgawanyo huu wa lugha ni wa makusudi na una mantiki yake: Kiingereza kwa mgeni, Kinyarwanda kwa mwenyeji. Kinachokosekana ni msemaji wa tatu, yaani jirani. Mtu wa Bukavu, Uvira, Bujumbura au Kigoma hayumo katika wito wa kwanza, kwa kuwa haukuandikwa kwa mfuko wake, na hayumo katika wa pili, kwa kuwa haukuandikwa kwa lugha yake. Ajabu ni kwamba huyo ndiye aliye karibu zaidi na Rusizi, na umbali kati ya Tembera na Tembelea ni silabi moja tu.

Mfano wa Njia ya Kongo–Nile unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa mipango. Ni njia ya kilomita 227 inayofuata ukanda wa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi. Jina lake limetokana na mgawanyiko wa maji kati ya mabonde ya mito miwili mikubwa, na ni jina zuri kijiografia. Lakini maelezo yake humfikiria mtu anayeimaliza yote, kwa miguu au kwa baiskeli, kwa siku kadhaa. Familia haitembei kilomita 227. Hutembea saa mbili, hukaa kivulini, hula, kisha hurudi. Kipande cha njia kinachofaa watoto, mahali penye kivuli, mahali pa kupata maji na gari la kurudia: hizo ndizo taarifa ambazo familia huhitaji, na ambazo aina ya uandishi iliyozoeleka haina nafasi nazo. Daraja la kuning'inia la Nyungwe, lililofunguliwa mwaka 2010 na lenye urefu wa takriban mita 160 juu ya vilele vya miti, hutangazwa kwa urefu na kimo chake. Mzazi huuliza kwanza iwapo mtoto wake ataruhusiwa, na akikataliwa atasubiri wapi.

Ulinganisho na Kigali unasaidia. Bustani ya ardhioevu ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni eneo la mapumziko lililopangwa kwa kumfikiria mkazi wa jiji. Thamani yake haipimwi kwa vitanda bali kwa watu wanaoingia na kutoka. Rusizi ina maumbile mengi kuliko Nyandungu, lakini haina istilahi wala kipimo cha kumhesabu mtu wa namna hiyo. Kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

5. Lugha ya makatazo

Mahali ambapo mwenyeji na jirani hutajwa waziwazi ni katika makatazo. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya mwaka 2005 ilitaka shughuli za kilimo na ufugaji zikae mita 50 kutoka kingo za maziwa. Ni kanuni ya busara, kwani inalinda maji na udongo. Lakini kwa lugha yake, ukingo wa ziwa unafafanuliwa kwa kile kisichofanywa hapo. Nani anaruhusiwa kuketi, kutandika mkeka na kufungua kikapu cha chakula, ni jambo lililoachwa bila maneno. Ombwe hilo hujazwa na soko: mara nyingi njia nyepesi ya kufika majini ni kupitia bustani ya hoteli, na kibali cha kuketi ni soda iliyonunuliwa. Kwa familia ya watu saba, soda saba ni kiingilio.

Katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza mwaka 2008 na kupanuliwa mwaka 2019 hadi kwenye vifaa vya plastiki vya kutumiwa mara moja, ni mfano mwingine. Ni sera iliyoipa Rwanda sifa inayostahili. Hata hivyo humgusa moja kwa moja mtu anayebeba chakula cha matembezi, hasa anayevuka kutoka upande ambao mfuko wa plastiki ni kifungashio cha kawaida. Tangazo linalosema tu kwamba plastiki ni marufuku limetimiza sheria. Tangazo linaloongeza kwamba chakula kibebwe katika kikapu, bakuli lenye kifuniko au mfuko wa karatasi limemwezesha mtu kuitii. Kiswahili kina tofauti nzuri kati ya kukataza na kuelekeza, na sehemu kubwa ya lugha ya huduma kwa umma imekaa upande wa kukataza.

Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, unaingia hapa pia. Kwa mwenyeji hauhitaji maelezo. Kwa familia ya jirani iliyopanga kuzunguka Rusizi asubuhi hiyo, kutojua kwamba shughuli nyingi husimama hadi karibu na adhuhuri ni siku iliyoharibika. Sentensi moja ya Kiswahili mahali pa kuvukia ingetosha.

Suala zito zaidi ni tahadhari za maji. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, jambo linalowapa wageni imani. Lakini lina kina kirefu, upepo unaobadilika mchana, na boti ndogo zinazobeba abiria kwenda visiwani. Amashyuza ni maji ya moto, na kina chake si rahisi kukikadiria kwa macho. Onyo la mahali kama hapa lazima lieleweke na bibi aliyelelewa Nkombo katika lugha yenye undugu na Kihavu na Kimashi, na kijana wa Bugarama anayeongea Kiswahili tangu utotoni, na mama aliyetoka Bukavu. Kinyarwanda kinawafikia wengi wao. Kiingereza kinawafikia wachache. Kiswahili kinawafikia wale ambao Kinyarwanda hakikuwafikia. Panapohusika jaketi la kuokolea maisha, lugha si mapambo.

6. Mpaka kama mahali pa matembezi

Uhakiki wa matembezi ya Rusizi ungekuwa na kasoro iwapo ungeusahau mpaka. Kwa vizazi vingi, kuvuka daraja la Rusizi kwenda kumwona shangazi, kuhudhuria harusi au kununua kitenge kumekuwa matembezi ya kawaida zaidi kuliko safari ya kwenda Nyungwe. Lugha ya kuvukia imekuwa Kiswahili, cha sauti ya Kivu, chenye maneno ya Kifaransa, Kimashi na Kinyarwanda ndani yake.

Lakini mlango huo haukuwa wazi daima. Mipaka ya ardhini ya Rwanda ilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa Machi 2022. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatua iliyoongeza matumaini. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na familia za Bugarama zilizokuwa zikipitia Ruhwa zikaathirika. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika hali hiyo, kuzungumzia mikeka na vikapu kunaweza kuonekana ni anasa. Uhakiki huu unashikilia kinyume chake. Watu wanaoacha kutembeleana wakati wa amani hawana la kurudia baada ya vita. Lugha inayobaki kutumika kwenye ukaguzi wa hati peke yake hukumbukwa kama lugha ya foleni.

7. Hoja pinzani

Hoja mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba Rwanda ina bahati ya kuwa na lugha moja inayozungumzwa na karibu watu wote, hivyo familia za Rusizi hazihitaji Kiswahili ili kupumzika. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na inapaswa kuwazuia watetezi wa Kiswahili wasitie chumvi. Kiswahili hakina sababu ya kuondoa neno lolote la Kinyarwanda kwenye kibao chochote. Nafasi yake ni ya pembeni, kwa jirani na kwa maeneo kama Bugarama ambako tayari ni lugha ya nyumbani na ya msikiti. Nafasi ya pembeni, hata hivyo, ni nafasi halisi, na sheria ya mwaka 2017 imeitambua.

Hoja ya pili ni ya kihistoria. Nchini Rwanda Kiswahili kilihusishwa kwa muda mrefu na mitaa ya Waislamu iliyotengwa na utawala wa kikoloni, na wafanyabiashara na askari. Hadi leo neno Umuswahili linaweza kutamkwa kwa dharau, likimaanisha mjanja wa mjini. Wapo wanaosema kwamba lugha yenye sifa hiyo haiwezi kupendwa kwa amri. Ni kweli haitapendwa kwa amri. Ndiyo maana mahali pa mapumziko ni muhimu kuliko ofisi. Sifa ya lugha hubadilika kulingana na mahali inaposikika. Mtoto anayekisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwendesha boti anayemfunga jaketi, au kwa mama wa kisiwani anayemuuzia sambaza, atakijua tofauti na aliyekijua kwa mtihani.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba tatizo la lugha ya matembezi Rusizi si uhaba wa maneno. Maneno yapo: matembezi ya familia, kando ya ziwa, mwalo, hifadhi, amashyuza, sambaza. Tatizo ni kwamba maandishi yanayotoa mwaliko, yanayoweka bei na yanayoonya yamekopa macho ya mtu anayelala hotelini, na kwa hiyo hayawaoni watu walio karibu zaidi.

Mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, vyombo vya kukuza Kiswahili katika ukanda vikubali istilahi matembezi ya familia kwa shughuli za siku moja zisizohusisha kulala, na viiache utalii wa ndani kwa safari zinazostahili jina hilo. Pili, Wilaya na wasimamizi wa hifadhi waandike taarifa za Kiswahili kwa kuanza na tahadhari za maji na maelekezo ya plastiki, usafiri na umuganda, kabla ya vipeperushi vya sifa. Tatu, bei za kuingia, ambazo katika hifadhi za Rwanda hutofautiana kwa raia wa nchi za Jumuiya, wakazi na wageni wengine, zitangazwe kwa Kiswahili pia, ili jirani ajue haki yake kabla ya kufika langoni. Nne, mipango ya ukanda wa Kivu itaje kwa maneno sehemu za ukingo ambako mtu yeyote anaweza kuketi bila kununua kitu, na izipe majina yanayotumiwa na wenyeji.

Pendekezo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa ardhi. Lakini ndilo litakalopima mengine yote. Iwapo kibao kitasema karibu kwa lugha nne na nyuma yake kukawa na ukuta, kitakuwa kimekosewa katika lugha zote nne.